Kona ya Chini, Upande wa Kushoto

Kamera kuukuu ina harufu yake. Ukifungua mkoba wake wa ngozi inakupanda puani yote kwa mkupuo: ngozi iliyolala muda mrefu, ukungu, jasho la shingo ya mtu usiyemjua, na kitu kikali kinachokaribia siki. Wenzangu wa rika hili Jumamosi wanachoma nyama au wanazunguka kuangalia ploti. Mimi niko sokoni Kitengela, nimeinama juu ya rundo la mikoba ya mitumba, nanusa. Nikikaa nyumbani asubuhi nzima nahamisha viti visivyohitaji kuhamishwa, nagombana na watu ambao hawajanikosea. Mume wangu alishaacha kuuliza naenda wapi.

Brayo, kijana anayeuza mikoba pale, ndiye huniwekea. Kamera nyingi humfikia kwa bahati, zimesahauliwa ndani ya mkoba wa mtu wa ng'ambo, na tangu anijue hazitupi tena. "Auntie, hii ni yako," huniambia. "Iko na lenzi safi, haina ukungu, nimechungulia mwenyewe." Mimi naichukua, na kabla sijachungulia hiyo lenzi, kabla sijavuta mkono wa filamu, napitisha kidole gumba kwenye kona ya chini, upande wa kushoto. Siku moja akashindwa kuvumilia. "Kwani hiyo kona inaonyesha nini?" Nikamjibu kwa sauti ya daktari: kamera nzuri inashika kidole, ikiteleza hivi ujue ngozi imechoka, haina maisha marefu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Tangu hapo namwona akiwaonyesha wateja wake kona na kuwaeleza habari za kushika kidole, na hao nao bila shaka wanawaeleza wenzao. Nimeambukiza watu wasio na hatia. Lakini sikuwa nimetunga. Nilikuwa nimefundishwa na baba yangu, au ndivyo nilivyoamini mpaka juzi.

Tulikuwa tunakaa Kajiado mjini. Baba aliuza dawa za mifugo kwa pikapu yake: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, sindano za ng'ombe, pamoja na ushauri mwingi wa bure. Shule zikifungwa alinibeba, na sikumwonea wivu mtoto mwingine yeyote. Leo tuko soko la Kajiado, kesho Kimana, siku nyingine tunashuka mpaka Rombo kule karibu na mpaka, vumbi likiingia kwa dirisha ambalo lilikataa kupanda. Hakuwa mtu wa kukaa. Chai alikunywa akiwa amesimama mlangoni, funguo mkononi. Hata kanisani alichagua benchi ya mwisho, pembeni, mguu mmoja nje ya safu. Watu walisema Baba Nyambura ni mchapakazi, na mimi pia nilifikiria ni kazi.

Tukifika sokoni alifungua nyuma ya pikapu na kusalimia wazee. "Sopa," alisema kwa Kimaasai, nao wakaitika "Ipa," kisha zikafuata habari za mvua na za ndama. Lakini jicho lake lilikuwa linatembea. Kabla ya kuuza hata chupa moja alikuwa ameshauliza swali lake: kuna mtu aliye na kamera ya zamani? Ile ya filamu, nyeusi na rangi ya fedha, hata kama imekufa. Na watu walimletea. Kuna za walimu waliostaafu, kuna za watu waliofanya kazi kwenye hoteli za Amboseli wakaachiwa na wageni, kuna zingine ambazo hata mwenyewe hakujua zimefikaje kwake. Mwenye kamera aliondoka na dawa ya minyoo ya mbuzi wake, na kila mtu akaridhika.

Baba hakuwahi kuanza na lenzi. Aliipokea kamera kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba pale konani polepole, huku akitazama mbali. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Siyo hii. Lakini naichukua."

"Kama siyo hii, mbona unaichukua?" nilimuuliza.

"Mama, usipochukua leo, kesho hawatakutafutia."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Na hilo jina lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la shosho, mama wa baba, na binti huyo akifariki, anayemfuata analichukua, jina la shosho haliachwi hivi hivi. Nilijua kwa juu juu tu kwamba kulikuwa na Nyambura mwingine, aliyefariki akiwa mchanga, kabla mimi sijazaliwa. Hakukuwa na picha yake ukutani na hakuna aliyemtaja. Mtoto huyakubali mambo ya kwao vile anavyoyakuta, na mimi niliyakubali.

Kitu ambacho sikukubali ni hiki: baba hakunipiga picha. Mama alikuwa ameniambia kwamba kabla ya dawa za mifugo alikuwa mpiga picha wa sokoni, tena mwenye jina, anatundika pazia lililochorwa ziwa na ndege, watu wanapanga foleni na viatu vya kuazima. Chini ya kitanda chao kulikuwa na magunia ya kamera. Magunia, si mchezo. Na mtoto wake ninayelala chumba cha pili sina picha hata moja aliyopiga yeye. Picha zangu za utotoni ni za shule na za harusi za watu, nimesimama pembeni nimekunja uso. Nikajipa jibu ambalo mtoto anaweza kujipa: kamera zote hizo zimeoza konani, na baba anatafuta moja iliyo nzima, inayonifaa mimi. Basi kila siku ya soko nilioga vizuri na kuvaa soksi nyeupe za kanisani, kwa sababu huenda ikawa leo. Kila aliposema "siyo hii" niliumia kweli. Nilizichukia kona za kamera kabla sijajua chochote kingine juu ya kamera.

Kuna siku moja Kimana ambayo sijawahi kuisahau. Soko lilikuwa limejaa kreti za nyanya, vitunguu vimemwagwa juu ya magunia, jua linachoma mpaka ardhini. Mwanamke mmoja muuza mitumba akamwita baba, akatoa kamera iliyofungwa ndani ya kitambaa. Baba akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena, kikasimama pale pale. Nilimwona baba yangu akikaa juu ya kreti ya nyanya ya mtu bila kuomba ruhusa, na mwenye nyanya alipoanza kulalamika akamtazama baba usoni, akamwachia.

"Ulitoa wapi hii?" baba akamuuliza yule mama.

"Kwa watu tu. Iko na shida?"

"Haina shida."

Alimwambia achague dawa yoyote anayotaka kwa pikapu. Halafu, katika lile joto, akaniagiza nimletee kabuti lake zito jeusi lililokuwa nyuma ya kiti. Akaingia ndani ya gari, akafunga milango, akajifunika kabuti kichwa na kamera pamoja, akajiinamia kabisa. Niliona mabega yake yakisonga huko ndani. Watu walipita wakichungulia. Nilisimama nje na soksi zangu nyeupe, nimejaa furaha na aibu kwa pamoja, nikijiambia anaitengeneza, sasa anaitengeneza, akitoka ananipiga. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi. Alinionyesha kona, na pale ngozi ilikuwa imetafunwa. "Panya," akasema. "Ni panya tu." Akaiweka kamera juu ya kiti kama yai, ingawa haikuwa yenyewe, na hatukuuza kitu kingine siku hiyo.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Baba, nipige basi hata na hii."

Alisimamisha gari ng'ombe wavuke barabara, wakaisha, na morani aliyekuwa nyuma yao akainua mkono. "Nikiipata ile, mama, nitakupiga mpaka filamu iishe," akasema. Kwa hiyo kulikuwa na ile. Niliishi kwa hayo maneno muda mrefu.

Mama naye alikuwa na kitu chake, beseni ya plastiki ya kijani iliyotundikwa kwenye msumari ukutani jikoni. Haikuwahi kutumika. Siku moja niliishusha niogeshee kambwa, na mama, ambaye hata sauti hakuwa na tabia ya kuipandisha, alinipokonya mkononi. "Rudisha hapo."

"Kwani ni ya nini?"

"Ni ya kukaa."

Jirani aliyekuwa ameketi mlangoni akacheka, akasema si hiyo ni ile beseni ulipewa na watu wa mali mali? Mali mali ni wale wanawake wanaozunguka mitaani na masufuria na mabeseni kichwani, unawapa vitu vyako vya zamani, nguo, viatu, redio iliyokufa, wanakuachia chombo. Mama alisema ndiyo, kisha akauliza habari za mvua. Nilishaona kwamba baba akiingia jikoni haangalii ukuta ule. Nikaamua waligombana kwa sababu ya beseni, na nikashangaa watu wazima wanavyoweza kununiana kwa sababu ya plastiki.

Kisha ikaja jioni moja, chakula kikiwa githeri, mahindi na maharagwe. Nilikuwa nimetoa kamera moja guniani na ninang'ang'ana na kucha kuufungua mgongo wake, taa ya jikoni inawaka juu yangu. Baba akaweka sahani chini, akanishika mkono. Hakukasirika. Alikuwa akinifundisha, na alipofundisha aliongea vizuri sana. "Kamera haifunguliwi kwenye mwanga," akasema. "Hujui kama kuna filamu. Ukifungua hivi, watu wote walio ndani wanaungua. Hutawaona tena."

Mama alikuwa anapakua. Akaweka mwiko juu ya sufuria, akatoka nje. Tukasikia maji, na masufuria yakisuguliwa, nami nilijua masufuria yote yalikuwa safi kwa sababu mimi ndiye niliyeyaosha. Nilifikiria mama amechoshwa na habari za kamera, na sikumlaumu. Baba aliutazama mlango kidogo, halafu akanirudia, akapunguza sauti.

"Sasa nikuambie siri ya kazi. Si wote wanaungua. Filamu inajiviringa, unaona? Picha za kwanza zinaingia ndani kabisa, za baadaye zinazifunika. Mtu akifungua, akafunga haraka, zile za juu ndizo zinaungua. Za kwanza zinaweza kupona. Kwa hivyo mtu asikudanganye hakuna kitu. Peleka ioshwe kwanza."

Nilijiona mkubwa, nimepewa siri. Mama alirudi mikono ikiwa imelowa mpaka viwikoni, akamaliza kupakua, tukala.

Miaka ikaenda hivyo. Simu zikaingia mifukoni mwa watu wote, studio za mjini zikageuka kuwa maduka ya vifuniko vya simu, na baba akaendelea kuuliza swali lake sokoni. Vijana walimwona mzee wa kichekesho. Mimi nilisoma, nikaolewa, nikahamia Kitengela, nikanunua kamera yangu ya kwanza ya mitumba kabla sijanunua hata kabati, na kidole changu kikaenda chenyewe pale konani. Baba alipoanza kuugua hakuweza tena kuendesha gari, lakini kila siku ya soko aliomba funguo azishike. Hakuwahi kunipiga ile picha. Alipofariki nilichukua magunia na lile kabuti jeusi. Mama tulimleta akae karibu nasi, nyumba ya pili kutoka yangu, na siku ya kuhama alipanda lori na beseni ya kijani mapajani. Kitu cha kwanza alichokiomba kwenye nyumba mpya ni msumari.

Ilikuwa Jumapili moja mchana tu, nimetoka kwake Brayo jana yake na kamera ndani ya mkoba. Mama alikuwa anachagua maharagwe kwenye sinia, mimi nimekaa mkabala naye, ninacheza na kona bila kufikiria.

"Wacha hiyo," mama akasema.

"Niwache nini?"

"Hicho kidole. Baba yako alikuwa anafanya hivyo. Sasa ni wewe."

"Si ndivyo kamera inapimwa, mama. Nzuri inashika kidole."

"Nani alikuambia?"

"Baba."

"Baba yako alikuambia hivyo? Kwa mdomo wake?"

Nilirudi kwa mawazo kwenye masoko yote, kwenye pikapu, kwenye barabara ya Kimana. Hakuwahi kuniambia. Nilijiambia mwenyewe nikiwa na soksi nyeupe.

"Alikuwa anatafuta meno," mama akasema.

Akasukuma sinia pembeni. Akaanza kuongea akiangalia mikono yake, na hakusimama, kama mtu anayeteremka mlima akiogopa kwamba akisimama atashindwa kuendelea.

"Nyambura alikuwa anaota meno. Mawili, hapa chini. Kila kitu alikuwa anaweka mdomoni, na hiyo kamera ndio alipenda kushinda vitu zote. Aliiuma hapo kona mpaka ngozi ikabaki na mashimo mawili. Baba yako hakumkataza, alikuwa anacheka tu. Siku mtoto alianza kukaa, akaweka filamu mpya. Akampiga, akampiga. Halafu akaendelea na kazi, watu wa soko, watu wa harusi, kwa hiyo hiyo filamu. Nani alikuwa na filamu ya kuharibu? Ilikuwa haitolewi mpaka iishe. Tukasema ikiisha tutaona zote. Mtoto akashikwa na homa na haikumchelewesha. Filamu ilikuwa bado."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani. Nilitamani mtu awanyamazishe.

"Baba yako akaitundika kwa msumari. Hakuweza kuimaliza, na kuipeleka pia hakuweza. Siku moja ameenda Rombo, nikasema, wacha nione mtoto wangu. Mimi nilidhani wako hapo ndani, vile picha zinakaa kwa albamu. Nikaenda nayo dirishani, ndio nione vizuri. Nikafungua. Nikaona kitu tu ya kahawia, imejiviringa. Nikashtuka, nikafunga. Kesho yake nikaenda kwa mtu wa studio, nikauliza kama ni shida ya mtu mwingine. Akaniambia hiyo imeungua, hapo hakuna kitu. Nilirudi nyumbani nimemuua mara ya pili."

"Mama, hukumuua."

"Ngoja nimalize. Mali mali walipopita, nikawapa. Wakaniachia hiyo beseni. Baba yako aliporudi nikamwambia nilidhani ni kitu imekufa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, walienda upande gani? Akarudi kwa gari. Mimi naona ni kama hakuwahi kushuka."

"Na hakukuambia ndani kulikuwa na filamu?"

"Hata siku moja. Alidhani sijui. Alinificha, ndio nisijilaumu." Akafuta uso na leso, kwa nguvu. "Na mimi nikamwacha. Nikawa namfungia chakula cha njiani, aende atafute kitu nilikuwa nimeshachoma. Ningemwambia nini?"

Nilikasirika. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, huruma ilikuja baadaye kidogo. Niliwakasirikia wote wawili, mmoja kwa kimya chake cha barabarani, mwingine kwa kimya chake cha jikoni, na mimi katikati nikizunguka na baba masokoni, nikidhani naandaliwa picha. Niliitazama ile beseni. Nilimtazama mama, mwanamke mdogo wa mwili, nywele zimekuwa nyeupe pembeni, na hasira ikaniishia.

Ndipo akaniuliza. "Wewe unajua hizi vitu. Kweli ziliungua zote?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu ile jioni ya githeri, nimepewa na mtu pekee aliyestahili kulitoa, wakati yeye mama yuko nje akisugua masufuria safi. Alifungua akafunga. Picha za kwanza ziko ndani kabisa. Na za kwanza zote zilikuwa za Nyambura, akikaa, akicheka labda, meno mawili chini. Wa harusi na wa soko ndio waliokuwa juu, ndio walioungua, wakamfunika yeye. Mtoto alikuwa bado yumo siku ile mama alipomtoa mlangoni na kupokea beseni. Kama angekaa mezani muda mfupi tu zaidi, angesikia. Kama baba angemwambia, au yeye angemwambia baba, wangeipeleka kuoshwa wakiwa wameshikana mikono. Yeye alikuwa akinitazama, akingoja, na niliona kwamba amelingoja jibu hili tangu kabla sijazaliwa.

"Zote, mama," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Mwanga ukiingia, imeisha. Baba hata angeipata, asingepata kitu."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. "Basi sikumnyima kitu," akasema. Akalia kidogo, bila kelele, nikakaa karibu naye nikamshika. Baadaye akainuka, akaishusha beseni ukutani, akaipangusa vumbi na upindo wa leso, akamimina maharagwe ndani na kuyaosha. Nilimtazama akibadilisha maji, mara hii, mara ile, beseni ikigeuka geuka mikononi mwake kama beseni ya mtu yeyote.

"Na wewe sasa utaacha kuzunguka kwa masoko?" akaniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Nitaacha."

Brayo nimemwambia asichoke, aendelee kutafuta inayoshika kidole. Siku ya soko la Kimana nilimuaga mama, nikamwambia naenda Tuala kumwona rafiki aliyejifungua. Alinifungia chapati za njiani. Kabuti la baba lilikuwa limelala kiti cha nyuma, limekunjwa, na nilifika kabla wauza vitunguu hawajamaliza kumwaga mizigo yao. Niliuliza swali. Mwanamke mmoja akaniambia ningoje, akapekua chini ya meza yake, akatoa kamera nyeusi na rangi ya fedha, mkanda umekatika. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikaigeuza, nikatazama mbali, upande wa mlima, kidole kikatafuta pale chini kushoto mashimo mawili madogo yaliyokaribiana.

"Ni yenyewe?" yule mama akauliza.

"Siyo hii," nikamwambia. "Lakini naichukua."